Kamera Kumi na Moja, Picha Hata Moja!

Kamera ndogo za mkanda, zile zilizowapiga picha baba na mama zetu, zimerudi kwa kasi. Wengi wanazikusanya, wachache wanazitumia. Mwandishi wetu alikuwa kwenye lile kundi la wengi, mpaka siku mkewe aliposhusha sanduku juu ya kabati.

Mpenzi msomaji, kuna wanaume wanaokutwa na ujumbe wa mapenzi kwenye simu. Wengine wanakutwa na risiti ya hoteli mfukoni mwa suruali. Mimi nilikutwa na kamera.

Zilikuwa kumi na moja, kila moja imeviringishwa kitambaa chake, ndani ya sanduku la bati lililokuwa juu ya kabati, zimefunikwa na blanketi zito ambalo hapa Dar es Salaam hakuna mwenye akili timamu angelihitaji. Mke wangu alikuwa anatafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Niliporudi kazini jioni nikakuta kamera zote zimepangwa kitandani kama mafungu ya samaki Feri, naye amekaa pembeni, kimya. Wenye ndoa mnaujua ukimya wa namna hiyo.

"Hizi zote ni shilingi ngapi?"

Nikataja nusu ya bei. Hiyo nusu peke yake ilimfanya ashike tama.

Nilijiandaa kwa kasheshe la pesa. Tulikuwa tunadaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili, kwa hiyo hasira zake zingekuwa za haki kabisa. Lakini mke wangu hakuliendea huko. Aliuliza swali lingine, na mpaka leo sijalisahau.

"Mwaka juzi simu yangu ilipokwapuliwa na wale wa pikipiki, zilikwenda picha zote za mwanetu za mwaka wa kwanza. Nililia wiki nzima, wewe ndiye uliyekuwa unanibembeleza. Sasa una kamera kumi na moja humu ndani. Nionyeshe picha moja tu ya mtoto uliyompiga na kamera yoyote kati ya hizi."

Hakukuwa na picha. Ilikuwa mwaka 2021, mtoto ana miaka mitatu, kamera kumi na moja, picha hata moja.

Ugonjwa unavyoanza

Kama na wewe una mwenzio ambaye usiku wa manane anaangalia picha za kamera kwenye simu badala ya kulala, soma hapa vizuri. Ugonjwa huu hauanzi kwa kishindo.

Kwangu ulianza na mjomba. Yeye alikuwa baharia, na alipostaafu akanipa kamera aliyoinunua zamani kwenye safari zake, Olympus Trip 35. Ni chuma kizito kiasi, kinaenea kiganjani, na kuizunguka lenzi kuna pete ya vioo vidogo vidogo kama jicho la nzi. Nikabonyeza, ikalia "tik". Bila betri! Basi, nikachizika.

Baada ya hapo nikagundua kwamba zipo nyingine. Nikaanza kuvizia minada ya mtandaoni, nikaagiza Japani, nikaagiza Uingereza, nikawapa watu wanaosafiri. Nikapata Rollei 35, Canonet, Olympus XA, Konica. Kila iliyokuja nilijiambia ndiyo ya mwisho. Usiku nyumba ikilala nazitoa, nazipangusa, nabonyeza bila mkanda ndani, narudisha. Ukiniuliza mwaka Rollei ilipotoka nakujibu kabla hujamaliza swali. Ukiniuliza inapiga picha ya namna gani, nabaki kumung'unya maneno.

Tusidanganyane, msomaji. Mtu anayekusanya kitu bila kukitumia, mara nyingi kinachomnogea ni kule kununua. Mzigo ukifika, utamu umeisha, anaanza kuwinda mwingine.

Zilivyozaliwa

Kabla sijaendelea na yaliyonikuta, tuwape wanaostahili heshima zao, maana hizi kamera si vikorokoro.

Zamani, kupigwa picha kwa watu wengi kulikuwa ni safari ya studio. Zanzibar, kwa mfano, ungevaa nguo yako bora ukaenda Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Unakaa kwenye kiti, unaambiwa inua kidevu, unapigwa. Picha ilikuwa tukio.

Kamera ndogo ndiyo iliyobadilisha mambo, ikaingia sebuleni na jikoni. Mlango ulifunguliwa na Leica ya mwaka 1925, kazi ya Mjerumani Oskar Barnack, aliyechukua mkanda wa sinema wa milimita 35 akautilia kwenye kamera ya kushikwa mkononi. Lakini Leica ilikuwa ghali, haikuwa ya mtu wa kawaida. Pale Japani kijana mmoja fundi wa kampuni ya Olympus, Yoshihisa Maitani, alitaka kamera nzuri ambayo mtu wa mshahara mdogo angeimudu. Mwaka 1959 ikatoka Pen, iliyokuwa inaigawa picha moja mara mbili, kwa hiyo mkanda wa picha 36 ukawa unatoa 72. Hapo ndipo unapoona kwamba kubana matumizi hakukuanza leo!

Mwaka 1966 Mjerumani Heinz Waaske akaja na Rollei 35, ndogo kama pakiti ya sigara, lenzi yake unaivuta nje ukitaka kupiga na kuisukuma ndani ukimaliza. Mwaka 1967 ikafuata Trip 35, kamera ya msafiri kama jina lake linavyosema, ambayo iliuzwa kwa mamilioni. Mwaka 1977 Konica wakatoa C35 AF, ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa inajirekebisha yenyewe kulingana na umbali. Mwaka 1979 Maitani yule yule akarudi na XA, yenye kifuniko cha kuteleza. Ukikifungua kamera imewaka, ukikifunga imelala, na lenzi imejificha humo humo bila haja ya mfuko.

Halafu zikaja za dijitali, halafu simu, na hizi zikatupwa madroo. Kodak yenyewe iliomba kinga ya mufilisi mwaka 2012. Watu wakasema mkanda umekufa, tuuzike. Kumbe bado! Vijana wakaanza kuzifukua, na mwaka 2024 Pentax wakatoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, inayoigawa picha mara mbili kama ile Pen ya 1959.

Siri iko kwenye lenzi

Utauliza, simu yangu ina kamera tatu nyuma, ya nini niangaike na kitu cha enzi za mjomba?

Simu inapiga na kukupambia. Inalainisha ngozi, inang'arisha anga, inakuamulia. Lenzi ya zamani haina ujanja huo. Ile ya Trip ina vipande vinne tu vya kioo, kwa mpango unaofanana na lenzi ya Tessar aliyoibuni Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss mwaka 1902. Vipande vinne, basi. Katikati ya picha panakuwa pakali, pembeni panalainika kidogo, na ukiielekeza kwenye jua inakuletea ukungu mweupe unaofifisha picha. Ya Canonet QL17 ya mwaka 1972 ina vipande sita na tundu lake linafunguka sana, kwa hiyo jioni ile ya taa moja sebuleni bado unapata sura ya mtu na nyuma yake mambo yameyeyuka.

Lakini kinachonigusa zaidi kwenye Trip ni alama zake. Huhitaji kujua hesabu. Kwenye lenzi kuna vijipicha vinne: mtu mmoja, watu wawili, kundi la watu, na mlima. Mtu mmoja ni mita 1, wawili ni mita 1.5, kundi ni mita 3, mlima ni kule mbali. Kabla ya kupiga lazima ujiulize: huyu ninayempiga, niko naye karibu kiasi gani? Swali hilo, mpenzi msomaji, linafaa hata nje ya picha.

Na ina adabu. Mwanga ukiwa hautoshi inanyanyua kibendera chekundu ndani ya kidirisha cha kutazamia na inakataa kupiga. Inakwambia hapana. Vitu vya siku hizi havijui kusema hapana.

Masharti ya mke

Turudi nyumbani. Baada ya siku tatu za kuongea kwa "ndiyo" na "hapana", tukakaa mezani. Mke wangu hakusema uza zote, na nampa heshima kwa hilo. Alitoa masharti matatu. Kwanza, zibaki tatu. Pili, fedha ya mkanda iingie kwenye bajeti ya nyumba, ijulikane, isitoke mlango wa nyuma. Tatu, kila mkanda lazima uwe na watu wa nyumba hii.

Nilipoanza kuzikagua ili kuuza, ndipo nikaona nilichozifanyia. Viatu ukivifunga kwenye mfuko wa plastiki wakati wa masika unajua yatakayotokea. Hewa ya pwani ni hiyo hiyo kwa lenzi. Mbili zilikuwa zimeota kuvu ndani ya kioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Moja shata yake imegandamana kwa mafuta yaliyokauka. Sponji zinazozuia mwanga nyuma ya mlango zimeyeyuka zikawa kama lami. Vile vitambaa nilivyozifungia kwa mapenzi ndivyo vilivyokuwa vinanyonya unyevu na kuulaza juu ya kioo. Nilidhani nazitunza. Nilikuwa naziua.

Nikauza nane, nyingine kwa hasara. Rollei iliniuma, sitaficha. Zikabaki Trip ya mjomba, XA ya mfukoni, na Canonet ya jioni. Kodi ikalipwa.

Mkanda wa kwanza, aibu ya kwanza

Nafasi ikaja mapema: sendofu ya mdogo wake mke wangu. Nikajitangaza ukoo mzima kwamba safari hii picha napiga mimi, za mkanda, za kudumu. Nikavaa Trip shingoni, nikazunguka ukumbi kama mpigapicha wa Ikulu. Bibi harusi na mama yake, shangazi wakicheza, keki, zawadi. Nikapiga mpaka nikashangaa mkanda hauishi. Mwanzo nikaona ni baraka.

Haikuwa baraka. Nilipofungua nyumbani nikakuta mkanda umekaa pale pale nilipouweka, haujasogea hata sentimita moja. Ncha yake haikushika kwenye kigurudumu cha kuvutia. Usiku mzima nilikuwa napiga hewa.

Kwenda kumwambia shemeji ilikuwa noma. Mke wangu ndiye aliyenisindikiza, na ndiye aliyeniokoa, kwa kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, shemeji naye akacheka, na mimi mwishowe nikacheka. Bahati nzuri watu walikuwa na simu zao. Tangu siku hiyo siondoki nyumbani kabla sijakiangalia kitufe cha kurudishia mkanda, kile cha juu kushoto. Ukivuta picha inayofuata na hicho kitufe kikazunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, usijidanganye.

Mama mkwe aliujua mkanda kabla yangu

Mwezi uliofuata tukaenda Tanga kumsalimia mama mkwe. Baada ya shikamoo na chai, nikatoa Trip. Simu huwa haziangalii, ukimpiga na simu anaendelea kuchambua mchicha wake. Lakini kamera ile alipoiona akaacha kila kitu.

"Ni ya mkanda hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Mkanda wa ngapi?"

"Wa 36."

"Basi mimi nipige moja tu, mwanangu, usije ukanimalizia mkanda. Lakini ningoje."

Akaingia ndani. Dakika ishirini nzima. Akatoka na doti mpya ya kanga, nywele amezichana, miwani ameivua. Akakaa kwenye kiti cha uani, mikono juu ya mapaja, mgongo wima. Nikaweka alama ya mtu mmoja, nikasogea mpaka mita moja, nikapiga. Tik. Akauliza kama nimemaliza, nikasema ndiyo, akavaa miwani yake akarudi kwenye mchicha.

Jioni akanitolea picha yake ya ujana, ndogo, kingo zake zimekatwa mawimbi, nyuma imeandikwa 1974 kwa wino wa bluu. Akaniambia hii ndiyo aliyonayo. Nikamkumbusha kwamba wajukuu na watoto wamempiga mamia ya picha na simu zao.

"Hizo mnaondoka nazo," akasema. "Mimi nabaki na nini?"

Hakusema kwa kulalamika, lakini mke wangu na mimi tuliangaliana. Sote tulikuwa tunajua ni picha ngapi za mama zilizokwenda na ile simu ya pikipiki.

Mgao wa umeme, usiku wa kusafisha

Mikanda ya nyeusi na nyeupe naisafisha mwenyewe bafuni. Si uchawi. Unahitaji kopo maalumu lisiloingiza mwanga, kipimajoto, saa, na dawa mbili tatu. Kazi ngumu ni moja, kuuviringisha mkanda kwenye kopo gizani totoro, kwa vidole tu. Siku ile umeme ukakatika mtaa mzima, na kwa mara ya kwanza maishani nikashukuru.

Tatizo letu la pwani ni joto. Dawa ya kwanza, nikitumia mkanda wa HP5 na dawa ya D-76 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, inataka nyuzi 20 za Selsiasi kwa dakika 11. Maji ya bomba ya Dar hayajawahi kusikia habari za nyuzi 20. Kwa hiyo chupa ya dawa inakaa kwenye beseni la barafu. Mke wangu akakamata kipimajoto na tochi, akawa anasoma: 24, 22, 21, haya, mimina. Yeye anahesabu dakika, mimi napindua kopo. Baada ya hapo maji, kisha dawa ya kukazia kwa dakika tano, kisha kusuuza sana.

Nilipouvuta mkanda ule ukiwa umelowa, tukaunyanyua kwenye tochi. Mama yake alikuwemo. Sura nyeusi, nywele nyeupe, kila kitu kimegeuka kama ilivyo kwa negativu, lakini ni yeye, mgongo wima. Mke wangu akashika ukingo wa mkanda kwa vidole viwili, hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Hii hawawezi kuikwapua."

Tukaipeleka kwa watu wa skana, tukachapisha mbili kubwa. Moja ikapanda basi la Tanga. Wiki moja baadaye shemeji akatuambia imeshapigiliwa ukutani sebuleni, juu ya kalenda, na mgeni hakai kabla hajaonyeshwa.

Kama na wewe unataka kuanza

Nimeona ofisini vijana wanavyozitamani hizi kamera, basi haya niliyojifunza kwa gharama yangu wayapate bure.

1. Anza na moja, na mwambie mwenzio. Taja bei kamili. Nusu bei ni uongo kamili.

2. Chagua chuma kabla ya umeme. Kamera za miaka ya 1990 zenye injini ndani ni tamu, lakini saketi yake ikifa, vipuri hakuna. Contax T2 ilipaa bei sana baada ya mwanamitindo Kendall Jenner kuonekana nayo kwenye kipindi cha Tonight Show mwaka 2017, na watu wanalipa mamia ya dola kwa kitu kinachoweza kuzimika kesho. Trip, au Canonet ambayo hata bila betri inapiga, fundi mzuri wa saa anaweza kuielewa.

3. Ijaribu kabla ya kulipa. Kwa Trip, weka alama ya A, ziba lenzi kwa kiganja, bonyeza: kibendera chekundu kipande na ikatae. Ielekeze dirishani: ikubali. Ikikubali gizani, ina hitilafu.

4. Angalia kioo. Fungua nyuma, iweke lenzi mbele ya mwanga uitazame kwa ndani. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, achana nayo.

5. Uliza betri. Canonet na Rollei nyingi zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo zimepigwa marufuku. Mbadala upo, wa volti 1.5, ila unaweza kudanganya kipimo kidogo. XA inatumia betri mbili ndogo za LR44, na hizo zinapatikana.

6. Jua letu ni kali. Shata ya Trip ina kasi mbili tu, 1/40 na 1/200 ya sekunde. Kwa picha za mchana ufukweni tumia mkanda wa kipimo cha 100 au 200. Wa 400 uweke kwa jioni na ndani ya nyumba. Na watu weusi usiwapige saa sita mchana, macho yatakuwa mashimo. Wasogeze kwenye kivuli cha mwembe au subiri saa kumi.

7. Mkanda usipite kwenye mzigo. Akikuletea ndugu kutoka ng'ambo, asiuweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, maana eksirei za huko ni kali. Aushike mkononi, na aombe ukaguliwe kwa mkono.

8. Ipe hewa. Usiifunge kitambaa ukaisahau. Itoe kila wiki, ibonyeze, iweke kwenye chombo kikavu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Dawa kubwa kuliko zote ni kuitumia.

9. Andika. Kila mkanda uwe na bahasha yake: tarehe, mahali, majina ya waliomo. Negativu isiyo na jina, baada ya miaka thelathini ni sura za watu wasiojulikana.

Na gharama? Mkanda wa mwisho niliouagiza, pamoja na usafiri, ulinikalia shilingi 45,000. Gawanya kwa 36, kila ukibonyeza ni shilingi 1,250, karibu nauli ya daladala kwenda na kurudi. Si kidogo. Ndiyo maana tunapiga mkanda mmoja kwa mwezi, si zaidi, na ndiyo maana hatupigi chakula.

Nani yuko nyuma ya kamera?

Sidai kwamba kamera iliponya ndoa yangu. Ndoa yangu haikuwa inaumwa na kamera. Ilikuwa inaumwa na mimi kuwa na chumba changu cha siri mahali ambapo tunaishi watatu, na hicho chumba kingeweza kuwa pombe au mpira wa kubashiri. Kamera zilikuwa tu mapazia yake.

Simu nazo tunazitumia bado, na siku hizi picha zake tunazihifadhi sehemu mbili, somo tumelipata. Lakini binti yetu akisikia "tik" anajua hiyo ni ya kweli, anatulia mwenyewe, anakunja mikono kama bibi yake.

Miezi michache iliyopita nilikuwa napanga bahasha, mke wangu akaniuliza kama nimegundua kitu. Mikanda yote ile, mimi simo. Mpigapicha hajipigi. Akaichukua Trip kutoka mkononi mwangu, akaiangalia lenzi, akazungusha ile pete akapita mtu mmoja, akasimama kwenye watu wawili. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mbebe mtoto," akasema. "Na usihesabu. Ukihesabu unakunja uso."

Mkanda huo bado umo ndani ya kamera. Zimebaki picha tisa, na hatuna haraka nazo. Lile sanduku la bati bado liko juu ya kabati, ila sasa lina bahasha, kila moja na tarehe yake, na halina blanketi.

Na wewe, mpenzi msomaji, kuna kamera ya baba au ya shangazi imelala kwenye droo gani hapo kwenu? Itoe. Ifungue nyuma uitazame kwenye mwanga. Halafu kabla hujatafuta ya pili, mtafute mtu mmoja ndani ya nyumba hiyo ambaye huna picha yake ya kushika mkononi.